Mwezi Niliokaa Kitini

Hadija alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua maharage. Hakusalimia, na Hadija ni mtu wa kusalimia mpaka kuku wa jirani, kwa hiyo nikajua kuna jambo. "Dada Fausta, mama ametutoka," akasema, nami nikaendelea kutoa vijiwe kwenye ungo, kimoja baada ya kingine, kwa sababu mikono ilikuwa bado haijasikia. Marehemu hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa mwajiri wangu wa kwanza, mwenye hoteli ya chakula pale Katesh, kando ya barabara ya Singida, ambako nilihudumia meza nikiwa msichana aliyetoka kumaliza kidato cha nne. Mwaka huu nimestaafu uuguzi. Kazini walinipa keki, cheti kwenye fremu na fomu za mafao zisizokwisha kujazwa, na kila mtu akaniuliza kama kuacha kazi kunauma. Nikacheka tu. Kuacha kazi nilifundishwa zamani na Mama Hadija, mwaka ambao mpaka leo ukinijia usingizini unakuja na harufu ya iliki.

Hoteli ilikuwa mbele, ikitazama barabara: meza nne za mbao, viti visivyolingana, na kabati la kioo la maandazi. Nyuma yake palikuwa na ua, upande mmoja jiko la kuni, upande mwingine nyumba ya familia, iliyogusana na hoteli na yenye mlango wake wa mbele. Sisi wafanyakazi tulilala chumba kimoja kando ya jiko, mimi na Zaituni mpishi, na ukutani kulikuwa na joto la jiko hata baridi ya mlima iliposhuka. Niliipenda baridi ile. Asubuhi mlima Hanang haukuonekana kabisa, ukungu ulikuwa umeufunika mpaka miguuni, na malori ya ngano kutoka Basotu yalipita taa zikiwaka, polepole, na madereva wakashuka wakisugua mikono na kuagiza chai ya maziwa na supu. Nilijua nani anataka pilipili na nani ana vidonda vya tumbo. Nilijua wafugaji wa Gendabi watakaa meza ya mlangoni ili waone nje, na watamaliza chai kabla ya kusema neno. Lakini ndani ya nyumba, kwenye sebule ya Mama Hadija, niliingia kufagia na kupangusa tu. Kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, saa ya ukutani, na fremu yenye maandishi ya Kiarabu ya dhahabu. Mwaka mzima sikuwahi kukalia kochi lile. Hata kulipangusa nilikuwa nalipangusa kwa haraka, kama vile linaweza kunisemea kwa mwenyewe.

Mshahara wetu ulikuwa hivi. Aliyenileta kwa Mama Hadija ni mjomba wangu Bura, kutoka upande wa Mbulu, na wao wawili ndio waliokubaliana. Kila mwezi nilipewa hela ya sabuni na mafuta ya kupaka. Iliyobaki Mama Hadija aliitunza, ije kutolewa siku nikiondoka. Ndivyo wengi walivyofanya, na hakuna aliyeona ubaya. Ubaya niliuona mimi siku ya mnada, mjomba alipopita hotelini, akala ugali na perege wa ziwa Basotu mpaka akalamba vidole, akaniambia kwa furaha kabisa, "Mpwa wangu, ukimaliza hapa mshahara wako ndio mabati yangu. Nyasi zimenichosha." Hakuwa mtu mbaya, mjomba. Paa lake lilivuja kweli, na kwake mshahara wa msichana ulikuwa wa aliyemleta, basi. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata barua ya chuo cha uuguzi. Nimekubaliwa. Niripoti na ada ya kuanzia, au nafasi apewe mwingine. Niliikunja barua nikaiweka ndani ya kiatu changu cha Jumapili, na usiku nilikuwa nalala nimeshika kiatu.

Shuleni tulifundishwa kuandika barua ya kikazi. Basi nikaandika, kwa mwandiko wangu bora, "Yah: Notisi ya mwezi mmoja ya kuacha kazi," nikampelekea Mama Hadija jikoni. Alikuwa anakanda unga. Alikuwa mama mnene kiasi, mzaliwa wa Kondoa, mwenye sauti ndogo ambayo watu wazima waliiogopa. Aliisoma barua akiwa amesimama, akiishika kwa ncha za vidole isichafuke, akairudia kuisoma. Kisha akaja akanitoa kitambaa cha kufutia meza begani.

"Sawa. Nimepokea. Nenda ukakae."

"Nikakae wapi, mama?"

"Sebuleni. Mtu aliyeaga ni mgeni, na hapa kwangu mgeni haoshi vyombo."

"Mwezi mzima, mama?"

"Wewe si ndiye uliyeandika mwezi? Au mimi nimesoma vibaya?"

Jamani! Nilidhani amekasirika. Nilikaa kwenye lile kochi, pembeni kabisa, nusu makalio hewani, nikasikia vyombo vikigongana uani bila mimi. Zaituni akaingia na sinia, ameinama kama anahudumia mkuu wa wilaya. "Karibu mgeni wetu. Utatumia chai ya rangi au ya maziwa?" Nikamwambia aache upuuzi. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sinia. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishaanza kupiga hesabu kichwani: asiyefanya kazi halipwi. Huyu mama ananikalisha ili aseme mwezi huu sikufanya kitu, akate, na kitakachobaki aende nacho mjomba. Siku ya tatu uvumilivu ukaniishia. Nikamfuata jikoni, nikajifanya mzaha.

"Mama, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Hata hakugeuka. "Jembe sina. Nina kiti. Rudi."

Nikarudi. Na hapo ndipo ulipoanza ule mwezi ambao siwezi kuueleza kwa mpangilio, maana haukuwa na mpangilio. Mtu aliyezoea kuamka na moto na kulala na majivu, ukimpokonya kazi unampokonya na saa. Sebule ilikuwa na dirisha moja lenye pazia jepesi la kijani, na mwanga ukipita hapo chumba chote kilikuwa kama kiko chini ya maji ya ziwa. Nilikaa. Niliona vumbi likipanda kwenye mwanga. Niliona ukungu ukiachia mlima kidogo kidogo, kwanza bega moja, halafu mbavu, halafu mlima wote ukasimama pale mweusi na mkubwa, na mchana ukajifunika tena. Hadija, wakati ule mtoto wa kutambaa, alikuja kulala miguuni kwangu na kuniachia mate kwenye sketi. Ukuta wa hotelini ulikuwa mwembamba, hivyo nilisikia watu wote niliokuwa nikiwahudumia, sasa ni sauti tu. Dereva mmoja alisimulia kila siku habari ya tairi lilelile lililopasuka, na kila siku lilipasukia mahali pengine. Mzee wa Gendabi alimwambia mwenzake kwamba mke wake mdogo amekasirika na amehamia kwa mbuzi. Mwingine akauliza, "Yule binti mrefu yuko wapi siku hizi?" na Zaituni akajibu, "Amekuwa bibi mkubwa, anakula kochini." Nilisikia vijiko, nilisikia mvua ikija kutoka upande wa ziwa na kupita, na wakati mwingine nilisinzia na kuota niko palepale nilipo. Sijawahi kukaa namna ile tena maishani, hata sasa nilipostaafu.

Alasiri, wateja wakipungua, Mama Hadija alikuja, akavua kilemba cha jikoni, akakaa kochi la mbele yangu. Aliniuliza habari za nyumbani kana kwamba nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Nilijibu njema. Mvua zimenyesha? Zimenyesha. Mahindi? Yanaendelea vizuri. Kisha kila siku akauliza swali moja.

"Mgeni wangu, unataka kula nini?"

"Chochote, mama."

"Chochote hakipikwi hapa."

Basi nilikaa na njaa mpaka jioni, wallahi, maana sikuweza kusema. Siku ya pili hivyohivyo. Mnacheka, lakini mimi nililelewa kwamba mtoto mwenye adabu anakula alichopewa na anashukuru, na hotelini kazi yangu ilikuwa kuwauliza wengine wanataka nini. Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilihisi aibu, kama mtu aliyeombwa avue nguo. Nilianza na vidogo: maji. Halafu, chai tu. Halafu siku moja, sijui pepo gani alinipanda, nikasema kwa pumzi moja, "Nataka chapati mbili na maharage yaliyokauka kidogo, na chai isiwe na sukari nyingi." Zaituni, aliyekuwa mlangoni, akapiga vigelegele mpaka Hadija akaamka. Mama Hadija akasema tu, "Zaituni, umesikia," na chakula kikaja kwenye sahani yenye maua mekundu, ile ya sikukuu. Mpaka leo sijala maharage matamu kama yale.

Lakini hofu haikuondoka. Jioni moja nilimsikia Mzee Jumanne, mume wake, akiongea naye chumbani. Mzee alikuwa mpole, mtu wa redio na kofia safi, na aliongea kama anayejadili bei ya sukari. "Mshahara unamkabidhi aliyemleta. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Usije ukatugombanisha na watu wa Mbulu, nusu ya maharage yetu yanatoka kwao." Ikajibu ile sauti ndogo: "Kawaida naijua, baba Hadija. Ila huyu mtoto bado hajakaa vizuri." Sikuelewa maana yake. Nilichoelewa ni neno moja, aliyemleta, nikaona mabati ya mjomba yanang'aa juu ya barua yangu ya chuo. Nililia chini ya pazia lile la kijani, kimyakimya, na nilimchukia Mama Hadija kwa moyo wangu wote. Nalisema hili wazi kwa sababu nimempenda miaka mingi kuliko nilivyomchukia.

Siku ya mwisho mjomba akaja. Alipaswa kuja, maana uliletwa na watu, unaondolewa na watu. Alipita mlango wa mbele, mlango wa wageni, akiwa na koti lake la kanisani, na mikononi amekumbatia kibuyu kikubwa kilichofungwa shingoni majani mabichi. Nilisimama, nikampa shikamoo kwa mikono miwili. "Marahaba, mama." Kisha nikafanya jambo nililojishangaa: nikarudi kukaa. Mjomba alinitazama kochini, akatazama mlango wa jikoni, akanitazama tena, akisubiri niende kuleta maji. Maji yalikuja na Zaituni. Akatuwekea wote wawili, glasi yangu na glasi yake, na mjomba akanywa polepole bila kuniondolea macho.

Akakiweka kibuyu katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. "Kwetu mtoto haombwi kwa mikono mitupu," akasema kwa heshima kubwa. "Nimeleta kitu kidogo cha kumfungulia njia." Akatoa kizibo. Harufu ya pombe ya asali ikajaa sebule yote, tamu na kali, na wakati huohuo Mzee Jumanne akaingia akitoka swala ya adhuhuri, kofia kichwani, tasbihi mkononi.

Mjomba alitazama kofia. Akatazama fremu ya dhahabu ukutani. Niliona jambo likimpanda usoni taratibu kama maji kwenye kitambaa.

"Ala! Yesu wangu," akasema, akashika kichwa. "Nimeleta pombe nyumba ya Waislamu."

Masikini mjomba! Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, asali ya mzinga wake mwenyewe, majani ya kijani ya amani, kibuyu kilichochacha siku zinazotakiwa, safari ndefu akikipakata kama mtoto. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa wenye nyumba. Mzee Jumanne alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Mama Hadija hakucheka. Aliinuka, akafungua yale majani shingoni mwa kibuyu kwa uangalifu, akayapokea kwa mikono miwili. "Majani nimeyapokea, Bura. Heri yako nimeipokea yote. Hicho kingine kitakusubiri kivulini nje, kina wenyewe." Zaituni akakitoa kibuyu huku ameziba pua na kucheka machoni. Majani Mama Hadija akayaweka juu ya ile fremu, na mjomba akakaa chini kama mtu aliyepewa zawadi na kofi kwa pamoja.

Ndipo Mama Hadija akatoa mzigo uliofungwa kwenye leso na kuuweka mapajani. "Bura," akasema, "binti nilimpokea mkononi mwako. Leo nakurudishia, mzima, hana deni na mtu, hana ugomvi na mtu." Mjomba akashukuru, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama inavyotakiwa. Mama Hadija hakumpa. Alinigeukia mimi.

"Mgeni wangu, unataka nini?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Chochote. Lilikuwa rahisi, lilikuwa la adabu, na mikono ya mjomba ilikuwa pale mbele yangu, yenye sugu za jembe. Mzee Jumanne alitazama sakafu. Nilihisi kochi chini yangu, kochi lote, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelikalia lote.

"Nataka mshahara wangu, mama," nikasema. "Mkononi mwangu. Ni ada ya chuo."

Akaniwekea leso mkononi. Mara moja, bila neno, kama vile alikuwa anasubiri tu oda. Kisha akamwambia mjomba, kwa ile sauti yake ndogo, "Umesikia, Bura. Binti alitoka mkononi mwako. Lakini kazi ilitoka mikononi mwake."

Mjomba aliishusha mikono. "Na mabati?" akauliza taratibu, hakuuliza mtu, aliuliza hewa. Halafu akatazama pale kitambaani, kibuyu kilipokuwa kimeacha duara la unyevu, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na anajua. "Haya. Aliyeleta pombe msikitini leo hana mdomo wa kudai. Nenda, mama. Nenda kasome." Nikalia. Mabati nilimnunulia baadaye, kwa mishahara yangu ya kwanza, na kila mvua ikinyesha alituma mtu kuniambia jinsi yanavyopiga kelele.

Nilipofungua leso jikoni, nikiwa na Mama Hadija peke yetu, nikaona mwezi wa notisi umo ndani, wote. "Mama, mwezi huu sikufanya kazi."

"Umefanya. Ningekuacha kwenye vyombo, leo ungesema nini?"

"Ningesema chochote."

"Basi." Akarudi kwenye unga wake. Nilipobeba sanduku alinisindikiza mpaka mlango wa mbele, akaushika ukiwa wazi. "Leo pita hapa, kwa sababu umeaga. Ila mtu hawi mgeni wangu mara mbili. Ukirudi, upite jikoni." Na miaka yote hiyo nilipita jikoni. Nimekuja na sare ya uuguzi, nimekuja na mume, nimekuja na wajukuu, tunapita uani tunapiga hodi kwenye moshi, na kabla ya salamu kuisha nimeshapewa kisu na vitunguu.

Waislamu huzika mapema. Nilipofika Katesh ilikuwa siku ya tatu, siku ya kisomo, na uani kulikuwa na maturubai na masufuria ya pilau makubwa ya kutosha kuogeshea mtoto. Nilipita nyuma. Msichana mmoja wa jikoni, mgeni kwangu, akanizuia kwa adabu. "Shikamoo bibi. Wageni wanapita mbele, kuna viti." Nilikuwa nimechoka, magoti yananisumbua, na nilikuwa na huzuni, nikajiacha nikaongozwa. Sebule ni ileile. Makochi ni mengine, pazia ni jingine, ila fremu ya dhahabu ipo, na juu yake, naapa, pana vumbi na vijiti vikavu vya majani ambavyo hakuna aliyewahi kuthubutu kuvipangusa. Nikakaa. Nilikaa vizuri, kochi lote, kama nilivyofundishwa.

Hadija akatoka chumbani, macho yamevimba, akanikuta hapo. Akasimama.

"Dada Fausta, unafanya nini kitini?"

"Wamenikalisha."

"Inuka," akasema, sikujua anacheka au analia. "Mama aliniusia. Alisema Fausta akija msimpe kiti, atadhani tumemfukuza. Mpeni sufuria."

Nikainuka. Nikapita jikoni, nikavua viatu, nikakunja mikono ya gauni, na yule msichana akanitazama kwa mshangao nilipochuchumaa mbele ya sufuria kubwa kuliko zote, nikaomba majivu na maji ya moto. Ndipo machozi yakaja, mengi, na nikayaacha yadondokee humo ndani nikiendelea kusugua.